Josho Lililokula Dawa Yake

Katika miaka ya themanini, mtu akitoka Malindi kwenda Magarini alipita kando ya josho la ng'ombe ambalo msimamizi wake aliliona kuwa kitu cha pili kwa heshima katika wilaya nzima ya Kilifi, likitanguliwa na msikiti wa Ijumaa tu. Kwa macho ya wengine lilikuwa handaki la saruji lenye paa la mabati na maji ya rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Ng'ombe waliswagwa upande mmoja, wakatumbukia, wakaogelea, wakatokea upande wa pili wakipiga chafya na kuwatazama watu kwa chuki. Msimamizi, Farjallah bin Abdurahman, alisimama ukingoni na mti wake mrefu, akiwazamisha vichwa ili hata kupe wa masikioni wapate haki yao. Kanzu aliikunja kiunoni, na kichwani alivaa kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono. Hakuna aliyemwamuru kwenda joshoni na kofia ya vito. Yeye aliona kwamba kazi inayofanywa bila kofia ni kibarua.

Babu yake alikuwa na mashamba kuanzia nyuma ya Mambrui hadi macho yalipokoma. Baba yake aliuza upande mmoja ili aoe, upande wa pili ili aende Hija, na uliobaki akauuza kwa kuwa alishazoea kuuza. Farjallah akarithi jina.

Jina lenyewe halikuwa dogo. Zamani, mtu wa pwani hii akisafiri aliacha dhahabu ya mkewe kwa watu wa ukoo ule, bila shahidi wala karatasi, na akirudi aliikuta katika kitambaa kilekile, na fundo lilelile. Ndiyo sababu Farjallah alipokabidhiwa ufunguo wa stoo ya dawa ya kupe hakuona kuwa ameajiriwa. Aliona kuwa ameachiwa amana. Alifunga stoo, akavuta kufuli, akaondoka, akarudi akalivuta tena.

Ujuzi wake wa dawa aliupata kwa mama yake, na mama yake, Bi Zeina, hakuwa na ng'ombe. Alikuwa mtengenezaji wa siki. Siki yake ya maji ya nazi iliuliziwa mpaka Lamu, na siri yake haikuwa siri: mtungi wake haukuoshwa. Siki ikipungua alibakiza mashapo, yale matope mazito ya chini yenye harufu ya kukata pua, akamimina maji mapya juu yake, na maji nayo yakageuka siki. Jirani mmoja aliyesugua mtungi wake kwa majivu, kwa ajili ya usafi, aliishia na maji ya kuoza. Alipokuja kuomba mashapo, Bi Zeina alimpa, huku akimtazama kama mtu aliyemzamisha mtoto.

Farjallah alikulia kando ya mtungi huo. Alipopewa josho hakuona tofauti yoyote ila ukubwa.

Basi josho lake halikumwagwa. Maji yakipungua aliongeza maji, dawa ikipungua aliongeza dawa, na tope lililoshuka na kwato za ng'ombe lilikaa chini mwaka hadi mwaka, zito, jeusi, likiheshimiwa. Wasimamizi wa majosho mengine walilichota tope kila baada ya muda na kulitupa. Farjallah aliwahurumia kama watu wasio na malezi.

Katika siku za dawa ya zamani, ile iliyoanza wakati wa mkoloni, ujinga huu haukumdhuru mtu. Dawa ile iliua kupe, vyura, na siku moja mbwa wa padri alipokuja kunywa. Hakuna kilichoishi ndani yake, na kwa hiyo josho halikuhitaji akili. Kisha wakubwa wakatangaza kwamba dawa ile ni ya hatari, jambo ambalo mbwa angeweza kuwaambia mapema. Ikaletwa dawa mpya, katika madebe ya kung'aa yenye picha ya fuvu la kichwa na maandishi ambayo bwana mifugo mwenyewe aliyasoma kwa kusitasita.

Mwanzoni ilikuwa ajabu. Kupe walidondoka kama kunde, na watu walimsifu Farjallah kana kwamba ameipika mwenyewe. Naye alizipokea sifa.

Mwaka wa pili mambo yakageuka. Kupe walitoka joshoni wamenawiri, kama walioogeshwa kwa ajili ya harusi. Farjallah akaongeza dawa. Ikafanya kazi siku chache, ikalala. Akaongeza tena. Ng'ombe wawili wa Thuku wakaugua ndigana, homa inayoletwa na kupe, wakaponea chupuchupu.

Thuku alikuwa mtu wa bara, aliyepata shamba katika mpango wa makazi, akafungua bucha, akawa mwenyekiti wa kamati ya josho kwa sababu ndiye peke yake aliyeutaka uenyekiti. Akachota maji ya josho, akayapeleka kupimwa. Majibu yakarudi: dawa hakuna. Si kwamba imepungua. Hakuna.

"Mzee," Thuku akamwambia mbele ya watu siku ya kuogesha, "dawa inakuja kwa lori, wewe unatia, wewe unakoroga. Sasa hiyo dawa inaenda wapi? Inapanda basi?"

"Wallahi kila debe limeingia humu."

"Mimi sijasema haikuingia. Nauliza ilitoka na mlango gani."

Watu wakacheka. Farjallah akashika mti wake, akamzamisha ng'ombe aliyekuwa anapita, akasahau kumwachia, mpaka mwenye ng'ombe akapiga kelele.

Nyumbani mkewe, Kulthum, alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Wananiita mwizi," Farjallah alisema.

"Waongo hao."

"Wewe unajua?"

"Ungekuwa mwizi, bwana, paa hili lisingevuja."

Hilo halikumtuliza, ingawa lilikuwa kweli. Kazi hakuililia sana. Alichotaka ni kitu kimoja: asimame mtu mwenye kauli, mbele ya baraza, aseme kwamba Farjallah hakuiba. Mashamba yalikwisha, dhahabu za watu hakuna aziwekaye amana siku hizi, na kama jina nalo likienda, basi ukoo mzima utakuwa umebaki makaburi na kofia.

Bwana mifugo akaamuru josho limwagwe lote. Vijana wa kijiji wakashuka na majembe, wakalichimbua tope, wakalitupa shimoni, wakasugua kuta kwa fagio na chokaa mpaka saruji ikaonekana rangi yake, ambayo hakuna aliyeikumbuka. Maji mapya yakajazwa. Thuku akafungua madebe kwa mkono wake, akamimina, kamati nzima imezunguka kama wanaoosha maiti.

Farjallah alisimama mbali. Alikuwa ameona mtungi ukioshwa kwa majivu.

Mawazo yake yalikwenda hivi: dawa ya siku hizi ni changa, haina nguvu, imetoka kiwandani jana. Nguvu ya josho imo katika mashapo, palipolala dawa ya miaka yote. Ukiyatupa mashapo, umetupa josho. Basi asubuhi, kabla ya majembe, alikuwa ametenga debe moja la lile tope nyuma ya stoo na kulifunika gunia. Adhuhuri ilipoingia, kamati ikaenda kula ubwabwa chini ya kibanda, yeye akaswali, akalibeba debe lake, akasema bismillahi, akalimimina. Hakufanya kwa hofu ya mwizi. Alifanya kwa aibu ya mtu anayejua mambo ambayo wenzake, kwa kutoyajua, wangeyacheka. Akakoroga kwa mti wake taratibu, akaona maji yanarudia rangi ya heshima, akaridhika.

Kupe wakafa wiki za mwanzo. Thuku akatembea akijisifu kwamba macho ya kamati ni dawa kuliko dawa. Kisha kupe wakaacha kufa.

Wengi wakaacha kuleta ng'ombe. Aliyebaki ni Dena, Mgiriama aliyeishi upande wa juu wa njia, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na watoto waliomtegemea ng'ombe huyo kuliko walivyomtegemea baba yao. Wenzake walimwambia anaogesha ng'ombe kwa maji ya matope. Yeye alisema babu yake aliweka amana kwa babu yake Farjallah, na hakupoteza kitu. Kila siku ya kuogesha alikuja. Ng'ombe wake akavimba matezi, akapumua kwa shida, akafa kwa ndigana. Dena akachuna ngozi, akaianika.

Sasa walionong'ona wakaacha kunong'ona. Wakasema kwa sauti.

Hapo ndipo kituo kimoja cha utafiti kilipomleta mtaalamu wa vijidudu vya udongo. Gari lilipofika, kamati ilimwamkia dereva, mtu mzima mwenye kitambi, wakampa kiti. Msichana mwembamba aliyeteremka na sanduku la chupa walimwambia aweke vitu vya daktari kivulini. Alikuwa Mwikali, na daktari alikuwa yeye. Dereva hakukitoa kiti.

"Shikamoo, mzee," Mwikali alimwambia Farjallah.

"Marahaba, mwanangu." Tangu mwaka uanze alikuwa wa kwanza kumwamkia vile.

Akachota maji ya juu, akachota tope la chini, akachota na udongo wa pale maji ya josho yalipomwagikia nje, ambapo nyasi zilikuwa kijani ajabu. Akaondoka. Aliporudi aliomba baraza likusanyike, nao wakakusanyika, kwa kuwa kumwona mtu akitajwa mwizi na msomi ni burudani isiyo na kiingilio.

"Dawa yenu haikuibwa," Mwikali alisema. "Imeliwa."

"Na nani?" mtu mmoja aliuliza.

"Katika udongo kuna bakteria, vijidudu vidogo ambavyo jicho halivioni. Ng'ombe huviingiza joshoni kwa kwato zake. Dawa hii mpya iliviua vingi, lakini vichache vilikuwa na uwezo wa kuivunjavunja na kuila. Hivyo vikazaana ndani ya tope. Mkiongeza dawa, mnavipakulia."

"Mnavipakulia," Thuku akarudia.

"Ndiyo."

"Debe lina picha ya fuvu, na chini kuna watu wamekaa mkekani wanangoja sahani."

"Si watu, mwenyekiti."

"Hata mimi nashangaa. Watu wangeomba na pilipili."

Baraza likaangua kicheko, lakini Farjallah hakucheka. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo mkewe hakuiona tangu siku ya harusi. Mtu mwenye kauli amesimama mbele ya watu, amesema. Ingekuwa imekwisha hapo, hadithi hii isingekuwa na haja ya kuandikwa.

"Daktari," Thuku alisema, safari hii bila mzaha, "hilo la kwanza tunaweza kukubali. Tope lilikuwa la zamani. Lakini tuliosha. Tulisugua na chokaa. Hao wageni wako walitoka wapi wiki chache tu?"

"Na mimi nataka kuuliza hilohilo," Mwikali alisema. "Josho safi lingekaa muda mrefu kabla ya kufikia hali hii. Isipokuwa kuna aliyerudisha tope la zamani. Kuna aliyerudisha?"

"Nani mwenye wazimu arudishe tope?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Kama hakuna," Thuku alisema, "basi dawa ya pili haikuliwa na wadudu. Ililiwa na mtu."

Farjallah aliona njia zake mbili zimelala mbele yake. Akinyamaza, ni mwizi. Akisema, ni mpumbavu. Kwa malezi yake, jambo hilo halikuhitaji kufikiriwa mara mbili. Akasimama, akaitengeneza kofia yake.

"Nilirudisha mimi. Debe moja, adhuhuri, mlipokuwa mnakula."

"La nini?" Mwikali aliuliza kwa upole.

"Mashapo. Siki haiwi siki bila mashapo ya zamani. Mama yangu hakuosha mtungi. Nikaona josho nalo litakuwa hivyo hivyo."

Mwikali alifumba macho kidogo. "Mzee, umefanya sawasawa na mama yako. Katika siki nako kuna vijidudu vinavyokaa kwenye mashapo. Ulichukua mbegu yao, ukaipanda."

Hakika hakuna kesi iliyowahi kuthibitishwa kwa unyoofu zaidi. Mwenye ujuzi amesema, mwenye kosa amekiri, sababu na matokeo vimekaa bega kwa bega. Baraza likatazamana. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka kwa pua, wa pili akashika tumbo, na Thuku akatembea mpaka alipo Farjallah, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema, machozi ya kicheko yanamtoka, "mimi nimeona wezi. Nimeona wa kusema aliibiwa, wa kusema panya. Lakini wa kumtoa daktari na chupa zake aje kusema dawa imeliwa na wadudu, halafu asimame aseme aliwalea mwenyewe kama siki ya mama! Mzee, wewe ni mkubwa wetu. Sisi tulikuwa tunacheza."

"Anasema kweli," Mwikali alisema.

"Najua, daktari. Na wewe umesema vizuri sana. Dereva, mpe daktari kiti."

Mwikali alijaribu tena, akataja majaribio yake. Akawaambia kwamba vijidudu vile si laana popote isipokuwa joshoni. Kwamba sumu ya namna hii ikimwagika shambani, vyenyewe ndivyo vinavyoweza kuila na kuisafisha ardhi. Wakamsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu aliyelipwa. Mwishowe akalipakia tope katika sanduku la barafu, akalifunika kama mgonjwa, likaenda kupanda ndege. Tope la josho la Farjallah likawa na heshima katika maabara za mbali, ambapo lilisadikiwa kila lilichosema.

Josho likamwagwa mara ya pili, na safari hii Mwikali mwenyewe alisimama ukingoni mpaka saruji ikakauka. Debe halikutengwa. Kupe wakafa, wakaendelea kufa miezi yote, na mtu yeyote mwenye akili angeona hapo kwamba msichana yule alisema kweli. Watu waliona. Walisema: "Mnaona? Mzee ameacha kuuza."

Zamani, katika miji hii ya pwani, aliyeitwa mwizi alihama mji. Watoto wake hawakuposwa, na akifa alipata wachimba kaburi kwa kuombewa. Siku hizi anahamia nyumba kubwa. Farjallah alijiandaa kwa kudharauliwa, akakuta anaamkiwa. Vijana waliompita bila salamu miaka yote sasa walisimama, shikamoo zao zikashuka chini. Bucha ya Thuku ilimwekea maini. Mtu wa Bofa, aliyekuwa akijenga karibu na mahoteli, alikuja mbali kote huko kumwuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kumpatia dawa kidogo, ya kuulia mchwa wa nyumba yake, "kwa njia yako ile". Akamfukuza, naye mtu wa Bofa akaondoka ameridhika, akidhani bei imepanda. Kamati ikamchagua mweka hazina. Alikataa. Wakasifu kukataa kwake kuwa ni ustadi, wakamchagua bila kupingwa.

"Waambie hukuiba," Kulthum alimwambia.

"Nimewaambia."

"Waambie tena."

"Kila nikisema wananiheshimu zaidi."

Kulthum peke yake alimsadiki. Kila alipotoka sokoni wanawake walimpisha njia, naye alirudi na uso kama aliyetemewa mate, akasema hataki kupishwa njia na mtu. Alikuwa binti wa watu ambao nao walikuwa wakiachiwa dhahabu.

Alasiri moja Dena alibisha hodi. Farjallah alimkaribisha barazani, nje ya mlango. Kulthum alikuwa nyuma ya pazia, anatwanga. Dena alikaa, akamwamkia, akatazama miguu yake muda mrefu.

"Nimekuja kuuliza jambo moja, mzee. Ukinijibu, sitaliuliza tena."

"Uliza, Dena."

"Uliuza dawa, au ni lile tope?"

Farjallah alifungua kinywa, lakini Dena akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Kama uliuza, nimeshakusamehe. Wote huuza. Hata mimi ningepewa ule ufunguo, sijui. Mtu alitaka kitu, ng'ombe wangu akafa. Hilo nalielewa. Naweza kumweleza mke wangu, naye akalielewa." Akamtazama Farjallah usoni. "Lakini kama ni tope. Kama mtu mzima alibeba tope akalimimina na bismillahi, wenzangu wote wakakimbia, mimi nikawa namleta ng'ombe kila siku ya kuogesha kwa kuwa babu yangu alimwamini babu yako, nimwogeshe kwa tope hilo. Hapo mpumbavu ni nani, mzee? Hapo sijui nitaweka wapi uso wangu."

Kinu kilinyamaza nyuma ya pazia.

Farjallah alimtazama. Huyu alikuwa mtu wa mwisho katika nchi yote ile ambaye, akiambiwa kweli, angeisadiki. Nje ya nyumba yake hakuna mwingine aliyebaki. Angemwambia, na jina lingeokoka, japo katika kichwa kimoja, cha mtu aliyefiwa na ng'ombe, ambaye angeenda nyumbani nalo na asipate usingizi.

"Niliuza," alisema.

Dena akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea, akacheka kidogo, karibu kwa upendo.

"Nilijua. Nilimwambia mke wangu, mzee Farjallah si mjinga."

"Nisamehe."

"Nimeshasema nimekusamehe."

Pazia likafunguka. Kulthum akatoka na sinia la kahawa, akamwekea Dena kikombe mbele yake, akamwuliza habari za watoto, na kama mkubwa wao amepona kikohozi. Dena akasema amepona. Kulthum akarudi ndani, akaendelea kutwanga. Mbele ya mumewe hakuweka kikombe.